Kopo Jekundu na Kaniki

Vijana wa kituoni mmeniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi yetu kabla sijasahau. Nimekubali, ila nawatahadharisha mapema: nilianza kazi hii nikidhani najua kuku ni nini, na ninastaafu nikiwa sina uhakika hata na hilo. Anayetaka majibu afungue kabati la ripoti. Mimi naandika niliyoyaona. Vyeo vyangu na nyongeza za mshahara vimo kwenye faili, atakayekosa usingizi akavisome.

Shule niliiachia darasa la tano, baba alipoanza kuugua na shamba likahitaji mtu. Baba aliugua muda mrefu. Alifariki wakati mdogo wetu wa mwisho, Mariamu, yuko bado tumboni, na mama naye akamfuata baba kabla mtoto hajaota hata jino. Nyumba ikabaki na sisi watatu: mimi mkubwa, Neema wa pili, na huyo Mariamu niliyemlea kwa uji wa uwele na maziwa ya kuombaomba kwa majirani. Alipoanza kusema, aliniita mama. Sikumkataza, na sikumfundisha. Hapo ndipo mkanganyiko wangu wote ulipoanzia, ingawa wakati ule nilidhani umeanzia kazini.

Kituo kilikuwa nyumba mbili za bati na banda moja, nje kidogo ya Misigiri. Kilikuwa cha chuo, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi viumbe wanavyojifunza na wanavyotambua vitu. Wanakijiji walifupisha. Walituita shule ya kuku.

Siku ya kwanza nilipokelewa na mzee Shabani, Mnyaturu wa upande wa Ikungi, mtunza mifugo wa kituo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kuku?"

"Nani Singida hajui kuku?"

"Mimi nimekuuliza wewe."

"Najua."

"Kifaranga akitoka kwenye yai, anamjuaje mama yake?"

Nilidhani ananitania. "Si mama yake? Anamjua tu."

"Haya," akasema, akanipa ndoo. "Umeshaajiriwa. Hujui kitu, kama sisi wote."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mayai yaliwekwa kwenye mashine ya kuangulia, ambayo enzi hizo ilikuwa sanduku la mbao lenye taa ya mafuta chini yake. Vifaranga walitoka muda walioutaka wao, mara nyingi Jumapili, ibada ikiwa katikati. Kila mmoja alipokauka manyoya aliwekwa kwenye boksi lenye giza, kisha akapelekwa kwenye uchochoro tuliouzungushia mbao. Mwisho wa uchochoro lilining'inia kopo jekundu, kopo la kawaida la rangi ya milango, limetiwa kokoto chache ndani ili litoe sauti kidogo. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nikizungusha mpini. Kamba ilivuta, kopo likasogea, na kifaranga akalifuata.

Hilo ndilo lililonishangaza, na bado linanishangaza. Kesho yake ukimwekea kopo upande mmoja na kitu kingine upande wa pili, alikimbilia kopo. Likiondolewa, alilia. Likirudishwa, alilisogelea akalala ameliegemea, amefumba macho, kama mtu aliyefika kwao. Nimefuga kuku tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kujua kwamba kifaranga yuko tayari kukifanya mama kitu chochote kinachopita mbele yake kwanza.

Mnaorithi uchochoro ule, kamba ya katani inavuta unyevu wakati wa mvua na kopo linatikisika kama mlevi. Tumieni mshipi wa kuvulia samaki. Na kopo lisipakwe rangi upya msimu ukiwa katikati, hata mgeni mkubwa akija.

Kulikuwa na kanuni moja ngumu: kifaranga asimwone mtu kabla hajaliona kopo. Akikuona wewe kwanza, atakufuata wewe, na kazi imeharibika. Kwa hiyo mzee Shabani alinipa kaniki, ile nguo nyeusi ya akina bibi, akaniagiza nijifunike gubigubi kila ninapoingia chumba cha mashine. Kanga yangu nzuri ilikuwa ya kanisani, kwa hiyo kaniki hiyo nikaivaa na njiani pia, na jioni nikambebea Mariamu mgongoni. Hebu fikirini msichana aliyejifunika nguo nyeusi, ametoka chumba chenye giza, amekumbatia mayai. Nilipofika kisimani wanawake walinyamaza. Mmoja alimuuliza Neema kama kweli mimi huwaongelesha kuku. Neema akamjibu kwamba ninawaongelesha, lakini hawajibu, ndiyo maana tunalipwa.

Mariamu alipokuwa anatembea vizuri, alikuja baba mdogo kutoka Ulemo, mdogo wake baba. Simwandiki hapa kama mtu mbaya. Alikuja na baiskeli yake na kibuyu cha maziwa, akakaa, akakubali shikamoo zetu, akasema lililomleta.

"Eliwaza, wewe ni binti, utaolewa. Ndugu tulikubaliana tangu msibani kwamba huyu mdogo atakuja kwangu. Ulemo kuna maziwa. Na mama yako mdogo hana mtoto wa kubeba."

"Mariamu ana mimi hapa, baba."

"Ana wewe, na wewe kutwa uko kwa kuku."

Mtoto alikuwa amekonda, na hilo hata mimi niliona. Nikamwomba aniachie hadi mavuno.

"Hadi mavuno," akasema. "Ila usichelewe. Akizidi hapo atakuwa amekuzoea mno."

Neno lile liliniingia kama mwiba, kwa sababu ndilo tulilokuwa tukilitumia kazini kila siku. Kifaranga huyu amezoea kopo. Yule bado hajazoea.

Msimu huohuo Dokta Anselmu, mkuu wa utafiti, alikuwa ameanza jaribio jipya. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Safari hii vifaranga waliozoea kopo walipelekwa kwa kuku mwenye watoto wake, tuone kama wataliacha kopo wamfuate kuku, na baadaye wakirudishiwa kopo watachagua nini. Nilimsubiri siku hiyo amalize chai.

"Dokta, kifaranga wa kopo akikaa kwa kuku, anasahau kopo?"

"Ndiyo tunalolitafuta."

"Mtajua lini?"

"Wakati wa mavuno, pengine. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Aliyemweleza sababu ni mzee Shabani, ambaye siri hakuwahi kuiweza. Kesho yake Dokta akaniita kando ya banda, akiwa amevua miwani.

"Eliwaza, mtoto si kifaranga."

"Najua, Dokta."

"Na wewe si kopo."

"Hilo ndilo sina uhakika nalo," nikamwambia. Alicheka, kisha akaona mimi sicheki.

Nilifanya kazi msimu ule kwa bidii ambayo haikuwa ya sayansi. Kwenye uwanja wa nje waliozoea kopo walikuwa na alama nyekundu mgongoni, na watoto halisi wa kuku walikuwa na alama ya kijani. Nilikaa kwenye ndoo nikiwatazama wenye nyekundu. Wengine walimfuata kuku mara moja kana kwamba kopo halikuwahi kuwepo, na hao niliwachukia mmoja mmoja. Wengine waligoma, wakasimama peke yao wakilia, na hao nao walinitia uchungu, kwa sababu walikuwa hawali. Sikujua nataka washinde wepi. Wakisahau, basi na Mariamu atanisahau. Wasiposahau, basi nikimpeleka Ulemo nitakuwa nimempeleka akalie. Na kuna wachache waliokimbia kutoka kwa kuku hadi kwenye kona lilipokuwa kopo zamani, wakarudi, wakakimbia tena, hadi wakachoka. Mzee Shabani aliwaita wapiga kura.

Ilibaki siku ya mwisho ya kuwarudishia kopo na kuhesabu. Siku hiyo tulikuwa ndani tunakula, ugali na mlenda, tuliposikia kuku analia uwanjani, kisha akanyamaza. Tulipotoka tulimkuta Mama Tabu, jirani aliyekuwa akituletea mayai, amechuchumaa katikati ya uwanja na beseni. Mikono yake ilikuwa ya zambarau hadi kwenye viwiko. Na vifaranga wote, wekundu kwa kijani, walikuwa zambarau kuanzia utosini hadi kwenye vidole, wamelowa, wanatetemeka kwa hasira.

Kwa asiyekulia kwetu nieleze. Kifaranga anayetembea uwanjani hupakwa rangi ili mwewe asimtambue kuwa chakula. Kila mama anajua hivyo. Mama Tabu alikuwa amepita, akaona mwewe juu ya mti wa mgunga, akaona vifaranga wetu wako wazi na kialama tu mgongoni, akaenda mbio nyumbani kuchukua rangi anayotilia ukindu wa mikeka.

"Mama," Dokta akasema taratibu, "umefanya nini?"

"Nimewasaidia, mwanangu. Mwewe alikuwa pale pale. Nyie wasomi mnawaweka watoto wa watu uwanjani kama mnamwandalia meza!" Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye nyasi, akasimama akisubiri.

Alikuwa anasubiri ashukuriwe. Ni mtu mzima, amekimbia juani kwa ajili yetu na kutumia rangi yake. "Asante sana, mama," Dokta akasema, kisha akakaa chini, si kwenye ndoo, kwenye vumbi.

"Sasa wote ni dhehebu moja," mzee Shabani akasema.

Tulijaribu kuwaosha. Rangi ya ukindu imekusudiwa isitoke. Hakuna aliyeweza kusema yupi alizoea kopo na yupi ni mtoto wa kuku, na kazi ya msimu mzima ikawa haina mwanzo wala mwisho. Jambo jingine lililotuchanganya ni kuku mwenyewe. Alipowatazama aliwadonoa kama wageni, wote, hata aliowatotoa. Walipolia akawaita, wote, hata wa kopo, wakaingia chini ya mbawa zake. Macho yake yalisema hivi na masikio yake yakasema vile. Dokta alipoona hivyo akainuka kutoka vumbini, na uso wake ukarudi. Huo ndio utafiti wa macho na masikio mliousoma nyote, na ulianzia kwenye beseni la Mama Tabu. Wakati huo huo mwewe akaja akachukua kifaranga mmoja wa zambarau, kwa hiyo hata kuhusu rangi sina la kuwaambia.

Dokta alikuwa amepata swali jipya. Mimi nilikuwa nimepoteza jibu langu, na mavuno yakafika.

Baba mdogo alikuja alivyosema. Nilimpa Mariamu. Nilijiambia kuna maziwa, na ni kweli yalikuwepo. Alipomweka kwenye baiskeli mtoto hakulia, maana alidhani ni mchezo, na akanipungia mkono kwa furaha. Neema ndiye aliyelia. Mimi nilikwenda kazini nikavaa kaniki nikazungusha mpini, na mzee Shabani hakunisemesha siku nzima, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko kufunga Ramadhani.

Nilikaa hadi mvua zilipoanza ndipo nikaenda Ulemo kumwona. Nilivaa kanga yangu ya kanisani na kujipaka mafuta. Kaniki niliiweka kwenye kapu endapo mvua ingeninyeshea njiani. Mariamu alikuwa amenenepa, mashavu yamejaa. Mama yangu mdogo akamsogeza mbele yangu.

"Mwamkie dada yako."

"Kamoo," akasema, macho chini, adabu tupu.

Nikaitikia marahaba. Hakuwahi kuniamkia kabla ya hapo. Nilikuwa mtu wa kulaliwa mgongoni na kutemewa uji. Nilishindwa kujua kama amenisahau au amefundishwa vizuri. Kutwa nzima alicheza na mbwa wa pale, akinipita kama anavyompita mgeni yeyote. Jua lilipoanza kushuka niliaga. Nilimshukuru mama mdogo, na nilimshukuru kwa dhati, maana mtoto alikuwa na afya. Nilipofika nje ya boma manyunyu yakaanza, nikatoa kaniki nikajifunika.

Sikuwa nimefika mbali nikasikia miguu nyuma yangu. Nikageuka. Mariamu amesimama njiani, hasemi kitu. Nikatembea, akatembea. Nikasimama, akasimama. Umbali ule ule, kimya, macho yote kwangu. Nilikuwa nimeuona mwendo ule mara nyingi mno nikiwa nyuma ya pazia.

Baba mdogo akafika akikokota baiskeli, amemfuata mtoto. "Ndivyo anavyofanya," akasema, amechoka. "Anakula, anacheza, hana neno. Lakini akipita bibi yeyote amevaa kaniki, anamfuata hadi mtoni. Juzi tumemkuta kwa watu."

Bibi yeyote. Miezi yote ile nilikuwa nimejiuliza kama mtoto atanikumbuka, na sasa sikujua hata kama alikuwa amenijua.

Nawaambia nilichofanya kwa sababu ninyi tu ndio mtakaoelewa. Nilivua kaniki nikaitundika kwenye kichaka upande mmoja wa njia. Kisha nikavuka, nikasimama upande wa pili, mikono chini, bila kusema neno, kama nilivyofundishwa, ili nisimwelekeze.

Mariamu akaitazama kaniki. Akanitazama mimi. Akapiga hatua kwenye kichaka, akasita, akageukia kwangu, akasita. Kisha akakaa katikati ya njia, kwenye tope, akaanza kulia.

"Unafanya nini, Eliwaza?" baba mdogo akauliza.

"Napima."

"Unapima nini?"

"Sijui, baba."

Akatazama kichaka, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. "Mbebe mtoto uende," akasema. "Mvua inakuja."

"Ndugu watasemaje?"

"Ndugu siyo wanaomkimbilia mtoni kila siku. Mbebe."

Sikungoja achague. Nilimwokota kwa mkono mmoja na kaniki kwa mkono mwingine, nikamfunga mgongoni, nikaondoka. Jaribio la maana kuliko yote niliyoyafanya maishani nikawa nimeliharibu mwenyewe kabla halijatoa jibu. Kesho yake nilimsimulia Dokta. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Aliitazama kaniki muda gani?" Kisha akafumba mdomo. "Samahani. Anaendeleaje?"

"Anakula," nikasema.

Baba mdogo aliendelea kutuletea maziwa kwa baiskeli hadi mtoto alipoanza shule.

Miaka iliyofuata mnaijua zaidi. Baada ya vifaranga wakaja punda, baada ya punda wakaja watoto wa shule za jirani, na mashine ya taa ikapisha ya umeme. Kuandika nilijifunza kwa kunakili kazi za wengine hadi zangu zikaanza kunakiliwa. Kwa watoto tulificha karanga chini ya vikombe mbele ya macho yao, na wengi hawakugusa kikombe chochote. Nilimwambia Dokta kwamba wameona, ila mtoto wa kwetu hachukui kitu mbele ya mtu mzima bila ruhusa. Tukawapa ruhusa. Wakachukua kikombe kisicho na kitu. Basi ama sikuwa sahihi, ama ruhusa yetu haikuwa ruhusa. Mkipata nafasi rudieni jaribio hilo, na anayewapa ruhusa awe bibi yao.

Mzee Shabani alifariki akiwa bado anaajiri watu kwa swali lake lile lile. Namwombea. Swali nimewaachia.

Wiki iliyopita Mariamu alikuja kutoka Utemini, Singida mjini, kunisaidia kufungasha, maana nahamia kwake. Ni mtu mzima sasa, na alikuja na mtoto wake wa mwisho ambaye ndiyo kwanza anatambaa. Chini ya kabati la kituo tuliikuta ile kaniki, imepauka kuwa kama majivu. Nilikuwa sijawahi kumuuliza, miaka yote hiyo.

"Mariamu, ulipokuwa mdogo kule Ulemo, ulikuwa unanifuata mimi au unafuata hii?"

Akaitazama, akaigeuza. "Hii? Siikumbuki kabisa, dada. Ulemo nakumbuka kulikuwa na mbwa."

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Unanikumbuka kule?"

"Dada, wewe nakukumbuka kila mahali, sasa nitajuaje ni wapi?" Akacheka. Mtoto alikuwa anasumbua, kwa hiyo akaikung'uta kaniki vumbi, akamweka mtoto mgongoni, akamfunga kwayo, akabeba begi langu kubwa akatoka nje.

Nilikuwa nimepanga kwanza kuwaaga kuku. Nilikuwa nimepanga pia kufunga kabati na kumkabidhi kijana wa zamu funguo mkononi. Lakini kaniki ile ilikuwa inasogea mbele yangu njiani, na mimi nilikuwa nyuma yake, umbali ule ule, kimya, hadi kituo cha basi, funguo zenu zikiwa bado mfukoni mwangu. Nawarudishia pamoja na maandishi haya.